Haisi iliyokuwa daladala kuwa gari la kulala: kitanda kisubiri, anza na bati

Mkuu, umesema umenunua haisi yenye injini ya 5L iliyostaafu udaladala, viti umeshang'oa, na unauliza vipimo vya kitanda na sola ya kununua. Hayo mawili ni ya mwisho. Ukifunga mbao sasa, masika yakianza utazing'oa zote kutafuta maji yanapoingilia. Sakafu ikiwa wazi namna hiyo ndiyo nafasi yako ya kulikagua gari lote.

Injini kwanza, kwa ufupi. 5L ya kawaida ni dizeli isiyo na taibo, haina mambo ya kompyuta, na mafundi wengi wa gereji za mtaani wanaijua. Asubuhi ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, washa, kisha tazama. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, moshi wa silinda unapenya kwenye maji: gasketi imeungua au silinda hedi ina ufa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni habari hiyo hiyo. Mkanda wa taimingi unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa dashibodi ya daladala si ya kuaminiwa, weka mpya pamoja na roli yake. Ukikatika safarini, pistoni zinagonga valvu. Kumbuka pia injini hii imekaa chini ya viti vya mbele. Ukijenga kabati linalozuia viti hivyo kuinuliwa, hata kuifikia injini kwa kazi ndogo itabidi ubomoe.

Sasa bati, na hapa usiwe na haraka. Kutu ya haisi ina makazi yake: mtaro wa maji unaozunguka paa, kona za chini za kioo cha mbele, kingo za mlango wa kuburuza, matao ya magurudumu ya nyuma, na yale matundu ya bolti za viti. Chukua bisibisi bapa uchokonoe kila mahali rangi ilipovimba. Ikizama, hapo hapana bati tena. Gari lililoishi Dar, Tanga au Mombasa lichokonoe mara mbili, chumvi ya pwani haina huruma.

Fundi bodi atakwambia "tunapiga pati tu", yaani lile tope la kujazia mashimo ya bati. Kataa. Pati hunywa unyevu na kuubana dhidi ya bati, kwa hiyo kutu inaendelea kula kwa chini na baada ya msimu mmoja wa mvua utaona malengelenge yale yale. Kata hadi ufikie bati safi linalong'aa, chomelea kipande kipya cha milimita 1 au 1.2, kisha pati iwe ya kulainisha juu tu. Kabla ya kuchomelea, toa nyaya za betri, ng'oa sponji na mikeka yote ya karibu, na ujue bomba la mafuta limepita wapi. Mchomeleaji aweke nukta nukta, akiruka kutoka upande huu kwenda upande ule. Akivuta mstari mmoja mrefu, bati linapinda kama bakuli. Kutu ya juu juu isiyotoboa, sugua kwa brashi ya waya, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kisha praima siku hiyo hiyo. Bati tupu likilala usiku pwani, asubuhi limeshabadilika rangi.

Kisha jaribio la maji. Mtu mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji. Anza chini, dakika kumi kila eneo, ndipo upande juu taratibu: mlango, madirisha, mwisho paa. Ukianzia paani maji yatateremka kila mahali na hutajua tundu ni lipi. Ndani pakaza unga wa chaki kwenye viungo, tone likipita linaacha mstari. Matundu ya keria ya zamani na raba za vioo ndizo huvuja zaidi. Kwenye viungo vya bati tumia gundi ya kubandikia vioo vya magari, kwa sababu bodi hucheza barabarani na silikoni ya bafuni hubanduka.

Umeme upite kabla ya mbao. Fanya hesabu kwanza, duka baadaye. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa, kwenye joto la pwani, ihesabie Ah 40 (ampea-saa, yaani ampea mara saa) kwa siku. Feni ya ampea 2 kwa saa 8 ni 16. Taa na simu, weka 9. Jumla Ah 65. Betri ya asidi ya Ah 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inakupa 50 tu na haitoshi. Ya lithiamu (LiFePO4) ya Ah 100 inakupa 80 na zaidi. Paneli ya wati 200, jua kali kwa muda wa saa 5, ukitoa upotevu wa asilimia 30, ni kama Wh 700 (wati mara saa), yaani Ah 55 hivi. Zilizopungua zitoke kwenye alteneta ukiwa unaendesha, kupitia chaja maalumu inayokaa kati ya betri ya gari na hii ya lithiamu. Usiunge moja kwa moja, maana lithiamu huvuta hadi alteneta inaungua.

Nyaya ndizo zinazowaangusha wanaoanza. Tuseme friji iko mita 4 kutoka kwenye betri na inavuta ampea 10 inapoanza. Waya wa mm² 2.5, kwenda na kurudi mita 8, unapoteza zaidi ya nusu volti. Friji inaona betri imeisha na kujizima, wewe unalaumu betri. Weka mm² 6, upotevu unashuka hadi volti 0.23. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 20 kutoka betri, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya usiwake moto. Paneli iinue sentimita 4 juu ya paa ipate hewa, ikichemka inatoa kidogo. Na birika la umeme la wati 2000 sahau, pika kwa gesi.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye sanduku lililozibwa upande wa ndani, na chini yake tundu la sentimita 5 linalotoka nje, mbali na ekzosi. Jiko la mkaa ndani ya gari, hata kwa dakika tano, hapana.

Paani gundisha sponji ngumu isiyonywa maji ya milimita 20. Sponji ya godoro inafyonza jasho la bati na kurudisha kutu uliyoilipia. Madirisha ya kusukuma ya daladala usiyazibe, weka wavu wa mbu. Huku kwetu usiku upepo ndio unaokulaza.

Kitanda sasa. Upana wa ndani ni kama mita moja na nusu, kwa hiyo mtu mzima halali kwa kukingama. Lala kwa urefu, sentimita 185 kwa 120. Fremu ya bomba la mraba la mm 25, juu plaiwudi ya mm 12. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ni nzito na ikiloa inavimba. Funga kwa bolti na washa pana, na kabla ya kutoboa sakafu ingia chini uangalie tangi la mafuta na bomba za breki. Hakikisha tairi la akiba bado linashushika. Maji lita 60 ni kilo 60, yaweke chini, karibu na ekseli. Na ukishapunguza viti, peleka kadi ya gari TRA wabadilishe matumizi, kisha umjulishe mtu wa bima.