Mtoto akikamatwa Uingereza: jibu kwa jamaa zangu wa Lamu

Jamaa zangu wa Langoni na Mkomani, mmeniuliza kwa nini wazazi walioko huku, mtoto wao anaposhikwa na polisi, hawamleti Lamu mara moja akalelewa na bibi yake na kurudishwa chuoni kusoma Kurani. Najua ushauri huo unatokana na mapenzi, lakini unaweza kumwangamiza huyo mnayetaka kumwokoa. Huku England mtoto hushtakiwa tangu akiwa na miaka 10 (kwetu Kenya, sheria ya mwaka 2022 imeupandisha umri huo hadi 12), na aliyeachiwa kwa dhamana asipofika mahakamani siku yake bila sababu ya maana amejiongezea kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Wazazi wetu huponzwa zaidi na zile saa za mwanzo kituoni. Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida hahojiwi mpaka awepo mtu mzima wa kumsimamia, basi mama huitwa usiku, akafika na buibui juu ya nguo za kazini, na kwa kuwa tumelelewa kuamini kwamba anayesema kweli upesi husamehewa upesi, humhimiza mwanawe aseme yote wapate kurudi nyumbani. Wakili ni wa bure pale kituoni, na mkalimani pia, ila mama huona kuita wakili ni sawa na kukiri kosa. Nimeona kijana akimtafsiria mamake tuhuma zake mwenyewe, akizipunguza kila alipomtazama usoni, ilhali mahojiano yanarekodiwa na huweza kusomwa mahakamani.

Baba ambaye karatasi zake hazijakamilika huogopa hata kukanyaga kituoni. Naye mama huacha kwenda maulidi na harusini, kwa kuwa anajua habari itafika Lamu kwa WhatsApp kabla ya alfajiri; na hili, jamaa zangu, linanikera sana, kwa maana aibu hiyo tunamtwisha sisi.

Kwa hiyo mama huyo akiwapigieni simu, msianze na malezi. Mwulizeni kama wakili amepatikana na tarehe ya mahakama ni lini, habari hiyo isitoke kinywani mwenu, na mwenye ndugu mtu mzima karibu naye amwombe aende kuketi na mtoto kituoni, kwani hata jirani anaweza kukubaliwa kumsimamia mtoto pale mzazi anaposhindwa.