Nakala ya nyumbani si wizi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: aliyenunua kanda au sidii ya muziki, ana haki ya kutoa nakala kwa matumizi yake mwenyewe bila ya kumwomba mwenye wimbo? Jawabu langu ni ndiyo, maadamu nakala hiyo haitoki kwenda kuuzwa.

Anayeishi Pemba anajua kanda inavyokufa. Chumvi ya bahari na unyevu wa masika havichagui: utepe unaota kuvu, unagandana, sauti inaanza kuyumba. Ni nyumba ngapi hapa Wete zina taarab ya zamani ambayo dukani haipatikani tena? Ukimkataza mama aliyeinunua kwa pesa zake asiihamishie kwenye fleshi, umemwambia aiache ife, na ikifa kwake pengine ndiyo imekufa moja kwa moja. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alirikodi santuri Bombay mwaka 1928. Leo tunamsikia kwa sababu wapo waliozitunza zile santuri na wapo waliozihamisha.

Wizi upo, wala siutetei. Upo kwenye vibanda ambako mwenye kompyuta anaijaza fleshi ya mteja nyimbo tele kwa pesa, na aliyeimba hapati hata senti. Yule hatunzi alichonunua. Anauza jasho la mwenzake. Wasanii wetu wana haki ya kulalamika, na hapo ndipo COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ikaze mkono. Sheria yetu ya hakimiliki ni ya mwaka 2003, mbali na ile ya Bara ya 1999, kwani jambo hili si la Muungano. La kurekebisha, basi, Baraza letu la Wawakilishi linaliweza.

Wapo wanaouliza: nakala ikiruhusiwa, msanii atakula nini? Hoja hiyo ni nzito. Wajerumani waliijibu mwaka 1965: wakawaacha watu warikodi majumbani mwao, wakaweka tozo kwenye mashine za kurikodia, fedha ziende kwa wenye kazi za sanaa. Uingereza iliruhusu nakala ya binafsi Oktoba 2014 bila ya tozo yoyote. Wanamuziki wakenda mahakamani, na Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa ile. Tuizingatie sababu yake: serikali ilidai hasara ya wasanii ni ndogo mno hata haihitaji fidia, lakini ushahidi wake haukutosha.

Kwa hiyo naunga mkono tozo ndogo kwenye fleshi na memori kadi zinazoshushwa bandarini Malindi, Unguja. Lakini mgao uvifikie na vikundi vya zamani vya taarab, na warithi wa wapiga udi na fidla waliokwisha kufariki, ambao hawajui hata wadai wapi. Tozo itakayoishia kwa wanaopigwa redioni kila siku tu, hiyo mimi siitaki.

Msomaji wenu, Wete, Pemba