Usaili wa Viza ya Ndoa

Swali: Niliolewa Dodoma miezi saba iliyopita na raia wa Marekani, nami nimeitwa kwenye usaili ubalozini Dar es Salaam. Nijiandaeje? — Msomaji, Kondoa

Jibu: Dada yetu, beba cheti halisi cha ndoa, picha na mawasiliano yenu, lakini zaidi ya yote sema kweli, kwani kusahau tarehe si kosa, ilhali uongo waweza kukufungia mlango wa nchi ile maisha yako yote. Ukiingia kabla ndoa haijatimiza miaka 2, utapata kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa Marekani, yenye masharti, na ombi la kuyaondoa hupelekwa ndani ya siku 90 kabla haijaisha muda. Uraia huombwa baada ya miaka 3 ya ukaazi mkiishi pamoja. Hapo utafakari sana, maana sheria ya Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima.