Kutambua asili ya mtungi wa Wapueblo kwa michoro yake

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mtungi wa kale ulioachiwa na shangazi yako aliyeishi Marekani una kulungu mwenye mshale mwekundu kutoka mdomoni hadi kifuani, nawe wataka kujua kama ulifinyangwa Zuni au Acoma, vijiji vya Wapueblo, wenyeji wa asili wa Marekani, huko New Mexico. Mshale huo, unaoonyesha njia ya pumzi kuelekea moyoni, ni alama mashuhuri ya wafinyanzi wa Zuni. Hata hivyo nakusihi usiamue kwa huo peke yake, kwa kuwa katika karne ya 20 wafinyanzi wa Acoma nao waliuchora. Unyanyue mtungi kwa mikono miwili, kwani wa Acoma hujulikana kwa kuta nyembamba na wepesi unaoshangaza.

Kisha uzungushe polepole ukifuata mstari mweusi unaouzunguka shingoni. Ukikuta mahali mstari umekatika, usidhani rangi imebanduka, wala usimruhusu fundi yeyote apajaze: pengo hilo aliliacha mfinyanzi mwenyewe kwa makusudi, alipokuwa akichora kwa brashi ya jani la yuka (mmea wa nchi kavu wenye majani marefu ya nyuzinyuzi) lililotafunwa ncha. Tafadhali usiuoshe kwa maji.