Uingereza na kelele za kukata benefiti: nilichokiona nyumbani kwangu

Mkuu, umeuliza kwa nini Waingereza walilia hadi wabunge wakaiasi serikali yao kisa benefiti, yaani zile posho za serikali, kukatwa, wakati "wanalipwa kukaa bure". Ukaongeza kwamba na sisi wabeba maboksi, tuliokuja huku kutafuta riziki, tunakula humo humo, wakati hapo kwetu hampewi hata mia. Sikujibu siku ile kwa sababu nilikuwa shifti, na pia nilikuwa na hasira. Leo nina nafasi, na hasira imepoa.

Nianze na hilo la kula. Nimeingia Uingereza mwaka 2004, nyumbani ni Tanga, sasa naishi Coventry. Miaka yangu ya mwanzo viza ilikuwa na maandishi kwamba sina ruhusa ya kugusa fedha za umma. Kodi inakatwa kila mwezi, bima ya taifa inakatwa kila mwezi, lakini ukiugua ukashindwa kazi, ukitoa malipo machache yanayotokana na kazi na bima hiyo, mengine shauri yako na jamaa zako. Wengi wetu tumepita hapo, na wapo waliomo mpaka leo. Kwa hiyo ile picha ya mtu kushuka Heathrow na begi lake kisha anaonyeshwa foleni ya benefiti, ifute.

Sasa hilo la "kukaa bure". Benefiti ziko nyingi na kila moja ina sheria zake, ndiyo maana watu wanachanganya. Ipo Universal Credit, ambayo anapewa mwenye kipato kidogo, awe na kazi au hana. Iliyoleta moto mwaka 2025 ni nyingine, inaitwa PIP. Hii analipwa mtu mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu kwa ajili ya gharama za ziada zinazoletwa na hali yake. Haiulizi una mshahara au huna. Ukiwa na kazi unaipata, ukiwa huna unaipata, muhimu ni mwili au akili yako inakuruhusu kufanya nini.

Najua kwa sababu mke wangu anayo.

Mama watoto alikuwa anafanya kazi ya kulea wazee, ile ya kuwanyanyua, kuwaogesha, kuwageuza kitandani. Mwaka 2017 vidole vikaanza kuvimba asubuhi, kisha magoti. Ikaja kujulikana ni baridi yabisi, ile mbaya inayokula viungo. Kazi ya kunyanyua ikamshinda akahamia kazi ya kupokea simu, saa chache kwa siku. Mpaka leo anafanya. Tulipoambiwa kuna PIP aligoma mwaka mzima, anasema yeye si kilema. Tulijaza fomu mwaka 2019.

Fomu yenyewe ni kijitabu. Inauliza kupika, kula, kuoga, kwenda chooni, kuvaa, kuongea, kusoma, kuchangamana na watu, kupanga matumizi ya fedha, kutembea. Kila kipengele kina ngazi na kila ngazi ina pointi. Upande wa maisha ya kila siku ukifikisha pointi 8 unapata kiwango cha kawaida, ukifikisha 12 unapata cha juu. Ukiwa na 7 huna kitu.

Kisha akaitwa kupimwa ana kwa ana. Sasa sikiliza hii, maana ni sisi kabisa. Mpimaji akamuuliza, unaendeleaje leo? Mke wangu akajibu, nzuri tu, ahsante. Wewe unajua na mimi najua kwamba hilo si jibu la afya, ni salamu. Kwetu mtu yuko msibani anaulizwa habari akasema nzuri, halafu ndiyo anaanza kulia. Ripoti ilipokuja imeandikwa kwamba mhusika alieleza anajisikia vizuri. Ikaandikwa pia kwamba alifika akiwa amevaa nadhifu, hijabu imebanwa vizuri, hivyo kuvaa si tatizo. Hijabu ile nilimbania mimi! Nikiwa sebuleni na pini mdomoni, naye ananikaripia kwamba upande wa kushoto umeshuka. Akapewa pointi 6. Tukaomba uamuzi upitiwe upya, muda wa kuomba ni mwezi mmoja, nikaandika kurasa tatu za kila kitu ninachomfanyia tangu alfajiri. Wakaongeza 2 za kuvaa, zikawa 8.

Hizo 8 zilipatikana hivi. Kupika, 2, kwa sababu anahitaji vifaa maalumu na kiti cha kukalia jikoni. Kuoga, 2, kwa sababu namsaidia kuanzia kiunoni kushuka na kumuosha nywele. Choo, 2, kwa vyuma vya kushikilia. Kuvaa, 2, kwa sababu namvalisha sehemu ya chini. Mbili nne. Kumbuka hizo mbili nne, ndiyo kiini cha ugomvi wote.

Machi 2025 waziri aliyeshika wizara hiyo wakati ule, Liz Kendall, akatoa mapendekezo. Serikali ilisema benefiti za maradhi na ulemavu zinameza pauni bilioni 65 kwa mwaka na zinaelekea 100 kabla ya mwaka 2030, kwa hiyo lazima breki zikanyagwe. Lengo likatajwa, kuokoa kama bilioni 5 kwa mwaka. Na njia kubwa ya kuzipata ilikuwa kanuni moja fupi: kuanzia Novemba 2026, kufikisha 8 peke yake hakutoshi, lazima angalau kipengele kimoja kiwe na pointi 4 au zaidi.

Umeona? Mbili nne hazina nne ndani yake. Mke wangu angepimwa upya tu, bila kidole kimoja kunyooka, angetoka kwenye hesabu. Na ukiangalia zile ngazi unashangaa. Kusaidiwa kuoga kiunoni kwenda chini ni pointi 2. Kusaidiwa kati ya mabega na kiuno ni 4. Kwamba mtu asiyeweza kujisafisha chini ana shida ndogo kuliko asiyefika kifuani, sijui nani alikaa mezani akaliona hilo lina akili. Ngazi hizo ni za zamani, PIP ilianza 2013, lakini zilitungwa zijumlishwe. Hazikutungwa ili mojawapo iwe mlango na nyingine ziwe mapambo.

Nikupe hesabu ya nyumba yangu kwa viwango vya 2025. PIP yake ya maisha ya kila siku ilikuwa pauni 73.90 kwa wiki. Kwa kuwa anayo, mimi ninayemhudumia saa 35 na zaidi kwa wiki nilipata posho ya mlezi, pauni 83.30. Ili niipate ilibidi mshahara wangu usizidi pauni 196 kwa wiki, basi ghalani nilifanya saa 16 kwa kima cha chini, nikapata 195.36. Peni 64 zilibaki kufika kwenye ukingo. Ukizidi kwa pauni moja hawakati pauni moja, posho yote ya wiki hiyo inakwenda. Krismasi msimamizi akitangaza ovataimu, mimi naangalia sakafu. PIP ya mke ikianguka, posho yangu nayo inaanguka, maana imeegeshwa juu yake. Pauni 157 kwa wiki kwa mpigo mmoja.

Na hiyo hela anafanyia nini? Siku magoti yamegoma anachukua teksi kwenda kazini. Vitunguu na karoti tunanunua vilivyokatwa tayari, ambavyo bei yake ni ya kijinga. Hita haizimwi, kwa sababu baridi ikimwingia viungoni kesho yake hashiki simu. Ondoa teksi na hita uone kama ataendelea na kazi. Serikali iliyapa mapendekezo yake jina la njia ya kurudi kazini, na mtu wa kwanza ambaye yangemtoa kazini ninayemfahamu mimi analala upande wa pili wa kitanda changu.

Wabunge wa chama tawala chenyewe, Labour, ndio walioanza kugoma. Zaidi ya 120 walitia saini pendekezo la kuuzuia muswada wa kuyafanya mapendekezo hayo kuwa sheria. Usifikiri wote walikuwa na huruma ya ghafla. Mwaka mmoja kabla, 2024, Waziri wa Fedha Rachel Reeves aliwaondolea wastaafu wengi posho ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Wabunge walitukanwa milangoni mpaka Juni 2025 serikali ikarudi nyuma ikawarejeshea walio wengi. Aliyewahi kuumwa na nyoka, ukuti ukimgusa anashtuka. Na safari hii tathmini ya serikali yenyewe ilisema watu 250,000 zaidi wataingia kwenye umaskini, 50,000 kati yao watoto. Mbunge wa Labour anarudije jimboni na karatasi kama hiyo mkononi?

Mwishoni mwa Juni serikali ikalegeza: kanuni iwahusu waombaji wapya tu, wa zamani waachwe. Nyumbani kwangu tulipumua, kisha mama watoto akasema kitu kilichonikaa. "Kwa hiyo mwenzangu atakayeugua mwakani vidole vyake vitauma kidogo kuliko vyangu?"

Tarehe 1 Julai ndiyo ilikuwa kura. Nilikuwa jikoni nasukuma chapati, maana siku hizi mpishi ni mimi, yeye amekaa kwenye kiti chake anatoa amri, "unga umeuacha mgumu huo". Televisheni iko wazi. Mjadala ukiendelea Bungeni, waziri anayehusika na walemavu, Stephen Timms, akasimama akasema kile kifungu cha PIP kinaondolewa kabisa, kwanza yafanyike mapitio ya mfumo mzima, naye ndiye atakayeyaongoza. Yaani wameingia Bungeni na muswada, wanapiga kura na muswada mwingine. Ukapita kwa kura 335 dhidi ya 260, Labour 49 wakipinga. Chapati yangu iliungua upande mmoja.

Lakini usidhani wagonjwa walishinda moja kwa moja. Kilichobaki ndani ya sheria ni kikubwa: kwenye Universal Credit, ile nyongeza ya mgonjwa asiyeweza kufanya kazi, waombaji wapya walio wengi kuanzia Aprili 2026 wanapata karibu nusu, kama pauni 50 kwa wiki badala ya 97. Hiyo haikupigiwa kelele sana. Aliyeugua Machi na aliyeugua Mei wana maradhi yale yale na mifuko tofauti. Upande mwingine, kwenye bajeti ya Novemba 2025 Reeves huyo huyo akatangaza kuondoa ile sheria ya tangu 2017 iliyozinyima familia benefiti ya mtoto wa tatu na kuendelea. Mkono huu unakata, mkono huu unatoa. Ukifuatilia magazeti yao unaweza kupata kizunguzungu.

Kuna wanaodanganya? Wapo, sitakuficha. Kwenye Universal Credit hela nyingi inalipwa kimakosa au kwa udanganyifu, na nimewahi kukutana na mtu, Mswahili mwenzetu, anayejisifia. Lakini kwenye PIP, takwimu za serikali yenyewe za 2023/24 ziliweka udanganyifu karibu na sifuri. Ni vigumu kumdanganya mtu ambaye hata ukweli haamini. Na wapokeaji wanaongezeka kweli, mwanzoni mwa 2025 England na Wales walikuwa kama milioni 3.7, wengi kwa afya ya akili, na vijana wamo. Serikali ina haki ya kuuliza kwa nini. Mimi ninachokataa ni kuanza na kiasi cha hela kisha kurudi nyuma kutafuta viungo vya nani havitauma tena.

Hilo la "hapa kwetu hatupewi hata mia" nalo, mkuu, si la kuchekea wengine. Zanzibar tangu 2016 mzee akifika miaka 70 anapata pensheni jamii hata kama hakuwahi kuajiriwa. Bibi yangu mdogo wa Pemba alikuwa akiipokea. Sijawahi kusikia mtu barazani akimwita mvivu.

Mama watoto barua ya kupitiwa upya itamfikia muda wowote. Faili la bluu liko juu ya friji, lina nakala ya kila kitu: barua za daktari, orodha ya dawa, kurasa zangu tatu ambazo sasa zimekuwa tano. Kila siku mbaya naandika tarehe na kilichoshindikana, kwa sababu wanataka kujua kama unaweza kufanya jambo kwa usalama, kwa kurudia, kwa muda unaofaa, na katika siku nyingi kuliko zile unazoshindwa, siyo kama uliwahi kuweza mara moja. Mnaosoma mkiwa huku na mna mgonjwa ndani, anzeni daftari hilo leo. Na mazoezi tumeanza: namuuliza "unaendeleaje leo?", naye anatakiwa asijibu "nzuri". Jana jioni amejibu nzuri mara nne.