Skripti inakubali kwa mkono, inakataa kwa barua

SWALI: Jambo mhariri. Hapa Bukavu shule yetu ina seva ndogo ya Debian (aina ya Linux) yenye Postfix, programu ya kupokea na kupeleka barua pepe. Nataka kila barua pepe inayofika kwa anwani ya maombi ipitie skripti ya Python, iandike jina la mwanafunzi kwenye faili. Nimeweka kwenye /etc/aliases, faili linaloelekeza barua za kila anwani:

maombi: "|/home/maombi/pokea.py"

Nikiiendesha mwenyewe inafanya kazi vizuri. Barua ikija, mzazi anarudishiwa "Command died with status 1" na chini yake "Permission denied". Kosa liko wapi?
Msomaji, Kadutu

JIBU: Ndugu msomaji, mstari wako hauna kosa. Kinachobadilika ni mtu anayeendesha skripti. Ukiiendesha kwa mkono, ni wewe. Barua ikija, Postfix huiendesha kwa haki za mwenye faili la aliases. Kwa kuwa mwenyewe ni root (msimamizi mkuu wa seva), Postfix inakataa kumpa nguvu hizo na inashuka hadi nobody, mtumiaji asiye na haki maalumu, ambaye hana ruhusa ya kuandika kwenye folda yako. Tafadhali usitibu kwa chmod 777, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote.

Futa mstari huo, kisha uendeshe newaliases ili badiliko lisomwe. Usipoufuta, Postfix itaufuata huo na haitasoma kabisa .forward, faili la mtumiaji mwenyewe la kuelekeza barua zake. Halafu mtumiaji maombi aweke kwenye /home/maombi/.forward, pamoja na alama za nukuu:

"|/home/maombi/pokea.py"

Faili hilo liwe lake, na wengine wasiweze kuliandika. Sasa skripti itaendeshwa kwa jina lake. Skripti yenyewe iwe na ruhusa 755 (wote waisome na kuiendesha, mwenyewe tu aiandike), na mstari wa kwanza uwe #!/usr/bin/python3. Kama uliiandika kwenye Windows, ondoa alama za mwisho wa mstari za huko, la sivyo utaambiwa faili halipo huku unaliona kwa macho yako.

Soma barua kwa sys.stdin.buffer.read(), si sys.stdin.read(). Mzazi anayeandika "Désiré" kwa ISO-8859-1, mfumo wa zamani wa herufi, anaweza kuivuruga hiyo ya pili.

Jambo wengi wanalosahau ni namba ya kutokea, yaani ile skripti inayoiacha inapomaliza. 0 maana yake barua imepokelewa. 75 inaiambia Postfix iiweke kwenye foleni ijaribu tena, na kwa kawaida itaendelea hadi siku 5. Namba nyingine karibu zote humrudishia mtumaji barua, pamoja na chochote skripti ilichochapa. Ndiyo maana mzazi aliona makosa yako ya Python. Kwa hiyo skripti ikishindwa kuandika kwenye faili, kamata kosa hilo na uandike sys.exit(75). Ila barua hiyo itakuja tena, basi linganisha Message-ID, kitambulisho cha kila barua, usije ukamsajili mtoto mara mbili.

Ukimaliza, jitumie barua moja huku ukitazama:

tail -f /var/log/mail.log

Unatafuta status=sent, na mbele yake "delivered to command". Kwenye Debian mpya isiyo na faili hilo, tumia journalctl -f.