Kampuni isiyo na mkopo si lazima iwe imenyimwa

Kwa mnaoanza utafiti wa mitaji ya kampuni: kwenye rasimu nyingi ninazopewa kusoma, kila kampuni isiyo na mkopo imehesabiwa kuwa imekosa mtaji. Mwenye kiwanda cha unga anayejiendesha kwa faida yake, na yule aliyerudishwa na benki kwa kukosa hati ya kiwanja, wote wametiwa kapu moja. Halafu mtu anashangaa matokeo hayaeleweki.

Soma dodoso kabla hujagusa data. Katika Enterprise Surveys, yaani tafiti za kampuni za Benki ya Dunia, swali k16 linauliza kama kampuni iliomba mkopo; k17 linauliza, kama haikuomba, sababu kuu ni nini. Kazi yote iko hapo. Aliyejibu kwamba hahitaji mkopo si mhanga wa benki. Aliyeshindwa dhamana, au aliyeona hata akiomba atakataliwa, huyo mweke pamoja na walioomba wakakosa. Wanaolalamikia riba wana ubishi wao: wengine huona huo ni uamuzi wa kawaida wa biashara. Mimi hupiga hesabu mara mbili, pamoja nao na bila wao, na kuonyesha zote mbili.

Ukikuta -9 kwenye data hizo, ujue maana yake ni "sijui". Ukiiacha ipite kama namba, itakuharibia wastani kimyakimya. Na kumbuka tafiti hizo huchukua kampuni rasmi zenye wafanyakazi watano na kuendelea. Mama ntilie hayumo, basi usimtaje kwenye hitimisho.

Hata wanauchumi wakubwa waliwahi kubishana juu ya jambo hili. Mwaka 1988 Fazzari, Hubbard na Petersen walisema kampuni za Marekani zenye gawio dogo (faida wanayogawiwa wenye hisa) huwekeza kwa kufuata fedha zinazoingia, wakaona hiyo ni dalili ya kubanwa kimtaji. Mwaka 1997 Kaplan na Zingales walizichukua kampuni hizo 49 za gawio dogo, wakasoma ripoti zao za mwaka moja moja, wakakuta mara nyingi zilikuwa na uwezo wa kuwekeza zaidi ya zilivyowekeza.

Nawe unaweza kusoma hivyo: kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam ni chache, ripoti zao zinasomeka zote. Anza na maelezo ya mikopo nyuma ya mizania: dhamana na masharti ya benki huandikwa huko.